Vitabu Vitakapofunguliwa

Hotuba kwa wazee na viongozi wa vikundi vya kanisa, Kisumu

Wazee wa kanisa, akina mama, vijana, nanyi wageni wetu mliotoka Nyando, Siaya na Vihiga kuja kukaa nasi mchana huu, Bwana Yesu asifiwe.

Mliponiita mlinipa mada ya nyakati za mwisho, na najua baadhi yenu mmekuja na kalamu mkitarajia nichore ubaoni mpangilio wa matukio: mnyama atokaye baharini, alama ya 666, dhiki kuu, miaka elfu. Mambo hayo yamo katika Maandiko na siyadharau. Kuhusu ile miaka elfu ya Ufunuo 20, waalimu wa Kanisa wametofautiana tangu zamani. Yustino Shahidi na Irenei waliitarajia kama miaka halisi hapa duniani, Augustino akaisoma kama wakati wa Kanisa lenyewe, na sidhani ni mimi nitakayewapatanisha leo kabla ya chai. Lakini lipo jambo moja ambalo wote hao walikiri bila kubishana, nalo ndilo tunalolikiri kila tunaposoma Imani ya Nikea: kwamba Kristo atakuja tena kuwahukumu walio hai na wafu. Ninataka tumtazame huyo anayekuja, kwa sababu nimeona kwamba mtu anaweza kuijua ratiba ya siku ya mwisho kwa kichwa na asimjue mwenye siku.

Mimi si mchungaji. Wengi wenu mnanijua kama mkalimani wa korti, kazi niliyoifanya kwa miaka 28 katika korti kadhaa za upande huu wa ziwa, nikiyachukua maneno ya watu kutoka Dholuo kwenda Kiswahili na kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, kisha nikiwarudishia maneno ya hakimu kwa lugha waliyonyonya. Kwa hiyo nitazungumza juu ya hukumu kama mtu aliyeiona kwa karibu, na nitaanza na jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele ya watu.

Kulikuwa na mjane mmoja aliyekuwa na kesi ya shamba. Shemeji yake alikuwa amengʼoa mstari wa mkonge uliokuwa mpaka tangu enzi za baba mkwe, akaupanda upya hatua nyingi ndani ya shamba la mama huyo. Hiyo ndiyo iliyokuwa kesi yote. Mtoto wa darasa la nne angeielewa. Mama alikuja kila ilipotajwa, kwa muda wa miaka 11, amevaa rinda lile lile la kijani kibichi, na karatasi zake amezitia katika mfuko wa plastiki, mfuko ameutia ndani ya kiondo, na kiondo amekifunika kwa leso. Alipoitwa alikuwa akizitoa zote moja moja na kuzipanga juu ya meza kabla hajasema neno. Asubuhi moja, kesi ilipokuwa imekaribia kusikizwa, karani alisimama akasema kwamba faili haionekani. Hakimu akaahirisha. Mimi nikageuka kwa mama nikamwambia kwa Dholuo kwamba faili yake haionekani, arudi baada ya miezi mitatu.

Faili ile haikuwa imepotea. Nilijua, kwa jinsi watu wa korti wanavyojua mambo kama hayo bila kuambiwa, kwamba kuna mtu wa masjala aliyekuwa amepewa kitu ili iketi mahali isipotafutwa. Si mimi niliyeificha, wala sikupewa hata shilingi. Lakini uongo ule ulimfikia mama kwa kinywa changu, kwa lugha yake, kwa sauti ya upole, na nilipomaliza alinishukuru. Alizirudisha karatasi zake ndani ya mfuko, mfuko ndani ya kiondo, akaenda. Faili ilionekana baadaye, mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa.

Sasa tufungue Isaya 5. Ni sura ambayo wahubiri wengi huipita haraka ili wafike sura ya 6 penye maserafi, wale viumbe wa mbinguni, na hilo ni kosa, kwa sababu sura ya 6 haieleweki bila ya 5. Mungu anazungumza juu ya shamba lake la mizabibu, yaani watu wake mwenyewe, na mashtaka yake si ya kufichika. Anasema, ole wao waungao nyumba kwa nyumba na kutia shamba kwa shamba hata pasiwe na nafasi tena. Anasema ole wao wanaompa mwovu haki kwa sababu ya ijara, yaani hongo, na kumnyangʼanya mwenye haki haki yake. Tunasoma maandishi yenye umri wa zaidi ya miaka 2,700, lakini yule mama wa rinda la kijani angeyasikia angedhani nabii alikuwa ameketi nyuma yake kortini. Katika aya ya 7 Isaya anatumia maneno yanayokaribiana sauti kwa Kiebrania. Mungu alitumaini kuona mishpat, yaani hukumu ya haki, akaona mispah, umwagaji wa damu. Alitumaini tsedaka, haki, akasikia tseaka, kilio. Kwa sikio la mbali maneno hayo hufanana. Mtu apitaye nje ya jengo la korti angesikia sauti za watu na kudhani humo ndani haki inatendeka, kumbe kinachosikika ni kilio.

Kisha inakuja aya ya 16, ambayo ndiyo moyo wa yote nitakayosema leo: “Bali BWANA wa majeshi ametukuzwa katika hukumu, na Mungu aliye Mtakatifu ametakaswa katika haki.” Naomba tuisome polepole. Nabii hasemi kwamba Mungu ana utakatifu upande mmoja, wa kuabudiwa kwa nyimbo, na haki upande mwingine, ya kuhukumia waovu. Anasema utakatifu wake unaonekana kuwa utakatifu pale anapotenda haki. Ukitaka kujua maana ya Mungu mtakatifu, mtazame akimrudishia mjane mpaka wake.

Lugha zetu zilikuwa zimeanza kutufundisha jambo hili kabla hatujasoma. Neno takatifu limezaliwa na kutakata, kuwa safi, na ndugu yake ni kutakasa. Kwa Dholuo tunasema Roho Maler, na Biblia yenyewe tunaiita Muma Maler, na neno hilo maler ndilo mama atumialo akisema kwamba maji ya kunywa ni safi. Kitu kilicho safi hakikai kimya kando ya uchafu. Mimina maji safi juu ya sakafu yenye tope uone: ama maji yataliondoa tope, ama tope litaonekana zaidi kuliko mwanzo. Utakatifu wa Mungu ni usafi wa namna hiyo, usafi unaotembea, na siku ya mwisho ni siku utakapofika kila pembe ya nyumba.

Katika sura ya 6 nabii anautaja mwaka: ni mwaka ule aliokufa mfalme Uzia. Uzia alitawala Yerusalemu miaka 52, akajenga minara, akachimba visima, akawa na nguvu, na nguvu zake zikamfanya aingie hekaluni kufukiza uvumba, kazi isiyokuwa yake. Mambo ya Nyakati inatuambia ukoma ulimtokea katika paji la uso akiwa amesimama kando ya madhabahu, naye akaishi katika nyumba ya peke yake mpaka kufa. Mwaka huo kiti cha enzi cha Yerusalemu kilipoachwa na mfalme mwenye ukoma, Isaya anaona kiti kingine, kirefu, kilichoinuka sana, na maserafi wenye mabawa sita wakiitana, “Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu, ni BWANA wa majeshi, dunia yote imejaa utukufu wake.” Hata viumbe wale wasio na dhambi wamefunika nyuso zao.

Isaya hakuimba nao. Isaya alisema, “Ole wangu! Kwa maana nimepotea. Kwa sababu mimi ni mtu mwenye midomo michafu.” Nilisoma maneno hayo tangu shule ya Jumapili na nilikuwa nikijiuliza kwa nini ataje midomo. Kwa nini asitaje moyo, au mikono? Huyu alikuwa nabii, kinywa ndicho chombo chake cha kazi, na katika sura ya 5 alikuwa ametoa ole kwa watu wengine mara sita: ole wao, ole wao, ole wao. Mbele ya kiti kile ole ikamgeukia mwenyewe, na ikamkamata katika chombo chake cha kazi. Nilipolielewa hilo nilikuwa nimekwisha kustaafu. Nilikuwa nimeketi barazani kwangu jioni, Biblia juu ya magoti, nikaifunga, kwa sababu niliisikia sauti yangu mwenyewe ikimwambia yule mama kwa upole kwamba faili yake haionekani.

Ndugu zangu, nawaambia haya ili mjue kwamba siongei juu ya hukumu kama mtu aliyesimama ngʼambo ya mto salama.

Neno hukumu limetutisha kwa sababu tumelizoea likiwa na maana moja tu, kufungwa au kunyongwa. Lakini Kiswahili kina neno jingine tunalolitumia kila siku, kuamua. Watoto wakishikana mashati uwanjani, mtu mzima hutumwa akawaamue, yaani aingie katikati, amtenganishe mwenye nguvu na mnyonge, kisha asikize ni nani aliyemkosea mwenzake. Kitabu cha Waamuzi kimepata jina hilo, na wale waamuzi walikuwa watu walioinuliwa ili kumtoa mtu aliyeonewa mikononi mwa mwenye kumwonea. Ndiyo maana Zaburi 96 inafanya jambo ambalo sisi hatulifanyi: inaiambia mbingu ifurahi, bahari ivume, mashamba yashangilie na miti ya mwituni iimbe kwa shangwe, na sababu inayotoa ni kwamba Bwana anakuja kuihukumu nchi. Miti inashangilia hukumu! Hamwezi kuielewa zaburi hiyo mkiwa mmezoea kushinda kesi. Inaeleweka kwa mtu ambaye faili yake imefichwa.

Na wenye faili zilizofichwa katika nchi hii ni wengi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na miji yetu hii, Kisumu, Nakuru, Naivasha, Eldoret, inajua mitaa yake damu ilipomwagika. Tarehe 1 Januari 2008, kule Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa walilokimbilia akina mama na watoto lilichomwa likiwa na watu ndani. Kesi zilizopelekwa katika mahakama ya kimataifa kule The Hague ziliisha mwaka wa 2016 bila yeyote kutiwa hatiani kwa mauaji hayo. Sisemi kwamba walioshtakiwa ndio waliotenda. Korti haikusema hivyo na mimi sina mamlaka ya kusema. Ninachosema ni kwamba watu wale hawakujiua, na mikono iliyowaua ina wenyewe. Kuna mama katika kaunti hii ambaye kila Januari huhesabu umri ambao mwanawe angekuwa nao. Mkimwambia mama huyo kwamba Mungu ni upendo mkaishia hapo, mmemwacha na nusu ya Injili. Yeye yuko katika Ufunuo 6, chini ya madhabahu, pamoja na wale waliouawa wanaolia kwa sauti kuu wakimwita Mola, mtakatifu, mwenye kweli, na kumuuliza, hata lini? Angalieni wanamwitaje. Hawasemi, wewe mwenye nguvu, hata lini. Wanaushika utakatifu wake na kumdai haki kwa huo, kwa kuwa wanajua kwamba Mungu mtakatifu hawezi kuipita damu ile kana kwamba hakuiona. Jibu wanalopewa ni mavazi meupe, na neno la kungoja bado muda mchache. Hawakemewi kwa kuuliza.

Sasa niseme kidogo juu ya tarehe, kwa sababu najua mtaniuliza. Tarehe 22 Oktoba 1844 maelfu ya watu kule Marekani, wafuasi wa mahubiri ya William Miller, walikesha wakimngoja Kristo kwa hesabu iliyotokana na zile siku 2,300 za Danieli 8, na wengine walikuwa wameacha mazao yao shambani bila kuvuna. Kulikucha. Baadhi ya waliobaki katika imani baada ya uchungu ule waliyachunguza Maandiko upya, na kutokana nao likatokea kanisa la ndugu zetu Wasabato, lililofika Gendia kule Kendu Bay mwaka wa 1906, na mahospitali na mashule yao yamewafaa wengi wenu mliomo humu. Nawaheshimu kwa hilo: waliumizwa na tarehe, wakaacha kuweka tarehe. Lakini katika nchi yetu wenyewe, mwaka wa 2023, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, ya watu waliofundishwa kwamba mwisho umefika na kwamba wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Wengi walikuwa watoto. Yesu alisema kwamba habari ya siku ile na saa ile hakuna aijuaye, hata malaika. Mtu akikuletea tarehe, au akikwambia umnyime mtoto chakula kwa ajili ya kiyama, usijadiliane naye hesabu. Mchukue mtoto uondoke.

Kosa la pili juu ya siku hiyo halipigwi picha na magazeti, nalo linatuhusu sisi zaidi. Katika siku za Amosi watu walikuwa wakiitamani siku ya Bwana. Waliamini itakuwa siku ya adui zao kupigwa na wao kushangilia. Amosi akawauliza, “Kwa nini kuitamani siku ya BWANA? Ni giza, wala si nuru.” Akawapa mfano wa mtu aliyemkimbia simba akakutana na dubu, akamponyoka akaingia nyumbani kwake, akaegemea ukuta kwa mkono apumue, nyoka akamuuma. Nyoka alikuwa ndani ya nyumba. Kisha anasema, “hukumu na itelemke kama maji, na haki kama maji makuu.” Tunapenda kuinukuu aya hii kana kwamba ni maji ya kunywa tu, lakini nyinyi wa nyanda za Kano mnajua maji yakiteremka ni nini. Mto Nyando ukijaa hauulizi nyumba hii ni ya nani. Unaingia nyumba ya mzee wa kanisa na nyumba ya mlevi, na unakiinua kila kitu kilichokuwa kimefichwa chini ya kitanda. Na bado ni maji ya Nyando hayo hayo yanayoulisha mpunga wa Ahero. Hatuna mito miwili, mmoja wa kutisha na mwingine wa kulisha. Mungu ni mmoja, na utakatifu wake ni mmoja, kwa aliyeonewa ukiwa mvua na kwa aliyejenga juu ya dhuluma ukiwa mafuriko.

Amosi pia anaeleza walichokuwa wamekificha nyumbani. Katika sura ya 8 wanauliza mwezi mpya utaisha lini wauze nafaka, waipunguze efa, waiongeze shekeli, wadanganye kwa mizani. Shekeli ilikuwa jiwe la kupimia fedha, na efa ni kipimo cha nafaka. Sisi tunaiita gorogoro, ule mkebe wa kupimia.

Nyanya yangu alikuwa akiuza mahindi katika soko la Kibuye, na alikuwa na gorogoro mbili. Ya kununulia ilikuwa nzima, ndefu, mdomo wake mduara. Ya kuuzia ilikuwa imegongwa kitako kwa nyundo mpaka kikaingia ndani kama sahani iliyofunikwa, kiasi cha kiganja changu nilipokuwa mtoto. Nilikuwa nikiutia mkono mle chini na kuuona unajaa. Hakuwa mwizi kwa macho ya soko, kwa maana kila mwenye meza pale alikuwa na yake. Alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani, na akiomba watu walilia. Jumapili moja likasomwa somo la Walawi 19. Tunaikumbuka sura hiyo kwa aya ya 2, kwamba mtakuwa watakatifu kwa kuwa mimi BWANA, Mungu wenu, ni mtakatifu, na mara nyingi tunaishia hapo. Siku hiyo msomaji alisoma mpaka mwisho. Alisoma kwamba ujira wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Alisoma kuhusu kumwachia maskini na mgeni masazo ya shamba. Alisoma juu ya mizani ya haki, vipimo vya haki. Nyanya alirudi nyumbani hakusema na mtu. Jioni nilimwona amechuchumaa nyuma ya jiko, gorogoro ya kuuzia ameishika kwa mkono mmoja, akiigonga kitako kutoka ndani kwa mchi mdogo ili kirudi nje. Bati lilikuwa limezeeka, likapasuka. Akaitazama, akaitupa kwenye shimo la taka, na kesho yake akauza kwa ile nzima. Faida yake ilipungua, na nakumbuka mwezi huo tulikula omena bila mafuta.

Sijaona fafanuzi ya utakatifu inayoishinda ile. Mtu aliyemwona mtakatifu hutafuta gorogoro yake.

Lakini kuna swali ambalo lazima nilijibu, kwa sababu vijana wameniuliza na wana haki ya kuuliza. Ikiwa Mungu ni mtakatifu hivi, na siku ile kila faili itatolewa, wakubwa kwa wadogo wakisimama mbele ya kiti cheupe kama Ufunuo 20 inavyosema, na vitabu vikifunguliwa, ni nani atakayesimama? Wengine hulijibu kwa kupunguza utakatifu; wanasema Mungu ni mzee mwema, atafumba jicho. Mimi nimekaa kortini miaka 28 na nawaambia kwamba hakimu anayefumba jicho hamhurumii mtu yeyote. Anamwibia aliyekosewa ili ampe aliyekosa, na mali anayotoa si yake. Ibrahimu alipokuwa akiiombea Sodoma hakumsihi Mungu aache haki, alimshika kwa haki: “Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?”

Serafi alimjia Isaya na kaa la moto, alilolitwaa kwa koleo kutoka juu ya madhabahu, akamgusa midomo. Moto ule ulikuwa moto wa utakatifu ule ule uliomfanya aseme amepotea. Haukumwambia kwamba midomo yake haikuwa michafu sana. Uliugusa uchafu wenyewe, akaambiwa uovu wake umeondolewa na dhambi yake imefunikwa. Ametakaswa na kile alichokiogopa. Na kaa lilitoka madhabahuni, mahali ambapo kitu kilikuwa kimekufa. Paulo anapoandika Warumi 3 anasema kwamba Mungu alimweka Kristo awe upatanisho katika damu yake, ili Mungu mwenyewe awe mwenye haki na mwenye kumhesabia haki yeye amwaminiye Yesu. Msalabani haki haikuahirishwa wala faili haikufichwa. Ilisomwa yote, na aliyeketi katika kiti cha hukumu akashuka akasimama kizimbani. Kwa hiyo atakapokuja kuhukumu, atakuja na alama za misumari mikononi. Mimi tumaini langu ni hilo, sina jingine. Midomo yangu imehitaji kaa.

Na msamaha huo haukuniachia nikae. Niliwatafuta watoto wa yule mama. Nilimpata binti yake mmoja, nikamweleza nilichokijua na nilichonyamazia. Hakulia, wala hakunikaribisha chai, na sikustahili chai. Aliniuliza kama niko tayari kuandika hayo na kuyatia sahihi, nikaandika, nikatia sahihi. Mambo mengine yaliyofuata ni ya familia yao, siyo yangu kuyasimulia hapa.

Petro anasema kwamba wakati umefika hukumu ianze katika nyumba ya Mungu. Tumeketi ndani ya nyumba hiyo. Kuta hizi zilipigwa lipu mwaka juzi, tukafanya harambee, tukacheza, tukaweka jiwe la msingi lenye majina ya wageni wa heshima. Mafundi waliozijenga majina yao hayako kwenye jiwe, na baadhi yao hawajamaliziwa hela zao hadi leo. Mmoja amenisimamisha barabarani mara mbili. Yakobo anasema ujira uliozuiwa unapiga kelele, na kilio cha waliovuna kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Maana yake ni kwamba kila Jumapili tunapoimba Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu humu ndani, kuna sauti nyingine inayopanda pamoja na yetu kutoka katika kuta hizi hizi, na zote mbili zinafika mahali pamoja.

Nimezungumza na mwenyekiti kabla ya kusimama, na amekubali. Mama mweka hazina, naomba utuletee daftari la ujenzi, lile la jalada jeusi lililo katika kabati la ofisi. Lifungue hapa mezani, usome kila jina la fundi na kiasi anachodai, kwa sauti, tusikie wote. Kisha tutachanga, na baada ya hapo ndipo tutaomba.